Mkwe Namba Ishirini na Tisa

Mwalimu Ghati hakuwa mwoga, na mtu yeyote pale chuoni angekuapia hivyo. Mumewe Waitara alipofariki, ndugu wa mume walikuja kugawana ng'ombe kabla matanga hayajaanuliwa. Ghati akawangoja mlangoni mwa zizi na jembe begani. Waliondoka na ng'ombe mmoja tu, tena kilema, na tangu siku hiyo humwamkia kwa adabu zote. Lakini Jumatatu moja ya Februari mama huyu alisimama mbele ya ubao wa matangazo, akasoma karatasi mbili zilizobandikwa pale, kisha akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

Chuo chenyewe kilikuwa cha Kanisa, kimejengwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Tarime. Kwa miaka mingi kilifundisha masomo ambayo wazazi waliyaita ya kukaa kitako: historia, fasihi, muziki, uchoraji, malezi, na ushonaji kidogo wa kuwatuliza wazazi hao hao. Halafu shimo moja likatema dhahabu kule Nyakunguru, kisha la pili, kisha kila mwenye sururu akawa na shimo lake. Wanafunzi wa historia waliaga kwenda kutazama kwa siku mbili, na mpaka leo bado wanatazama. Mkuu wa chuo akaona akiendelea kungoja atabaki na walimu pamoja na mbuzi wa majirani. Akafuta historia, akapunguza muziki, akaleta Usalama Migodini na Utunzaji wa Ghala, kwa sababu kampuni moja ya ukandarasi ilikuwa imeahidi kuajiri vijana wenye cheti ifikapo Julai.

Somo la Ghati, Fasihi na Mila, lilikuwa limefutwa pia. Hilo lilimuuma, ila halikumtisha. Kilichomtisha ni kilichowekwa mahali pake: Kiswahili cha Mawasiliano, madarasa yote kwa pamoja, chumba namba nne, Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, mwalimu G. Waitara. Karatasi ya pili ilikuwa orodha ya wanafunzi arobaini na mmoja. Namba ishirini na tisa ilikuwa Mniko Heche.

Mniko Heche alikuwa mume wa Robi, na Robi alikuwa mtoto wa pekee wa Ghati.

Asiyekulia huku atacheka. Kwa Wakurya mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutani. Mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani, anaingia porini. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani machoni, na wakiwa na neno la kuambiana lazima awepo mtu wa tatu wa kulipitisha. Robi alikuwa ameolewa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote Ghati alimjua mkwewe kwa mgongo tu. Mgongo wake ulikuwa mpana, na ulikuwa hodari wa kukimbia.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Ghati alikwenda Nyakunguru bila taarifa, akainama kuingia jikoni kwa Robi, na Mniko akawa anatoka. Wakagongana kifua kwa kifua. Siku mbili baadaye mimba ya Robi ilitoka, nayo ilikuwa ya pili kutoka. Ghati ni shemasi wa kanisa, na hadharani husema mambo ya mwiko ni ya wazee waliokosa kazi. Lakini usiku ule alilia akijua moyoni kwamba yeye ndiye aliyemuua mjukuu wake pale mlangoni. Hakumwambia mtu. Na sasa Robi alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ratiba ilimtaka akae chumba kimoja na mkwewe mara mbili kila wiki.

Alikwenda moja kwa moja kwa Godwin, mwalimu wa taaluma, aliyepanga ratiba. Godwin alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Nitoe kwenye hilo somo," Ghati alisema. "Nipe hata malezi ya chekechea."

"Mwalimu, malezi nimempa Mwalimu Abonyo. Na ratiba imeshabandikwa."

"Ibandue. Kuna mkwe wangu humo ndani."

Godwin alicheka kwa furaha ya kweli. "Mkweo? Si ndo vizuri! Atafaulu huyo."

"Godwin, hujanielewa. Mimi na yeye hatuonani."

"Mmegombana?"

Ghati alimtazama akaona hana pa kuanzia. Alimweleza hata hivyo, na Godwin akasikiliza huku akikuna sikio kwa kalamu. Mwishowe alisema chumba kingine hakuna, mwalimu mwingine wa Kiswahili hakuna, na kampuni haitapokea cheti kisicho na somo hilo. Ghati akikataa, mkuu atasema asiye na kipindi hana kazi. Mniko akikosa vipindi vitatu, jina lake litafutwa. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo karatasi zake zilivyosema.

Kesho yake saa mbili, Ghati aliingia chumba namba nne akitazama vidole vya miguu yake. Alisikia kiti kikianguka, kisha dirisha likagonga ukuta, kisha kishindo cha mtu aliyetua kwenye bustani ya mchicha. Wanafunzi wa Kikurya, karibu nusu ya darasa, waliinamisha vichwa kwa heshima, hakuna aliyecheka. Wale wa kutoka mbali waliangua kicheko mpaka kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti kavu aitwaye Agustina, akawageukia: "Mnacheka nini? Huyo ni mama wa mke wake." Kikazimika.

Alhamisi Mniko hakuja kabisa. Jumamosi Robi alipiga simu.

"Mama, Mniko anasema anaacha chuo. Anarudi kwenye duara."

Duara ni shimo la wachimbaji, na Ghati alilijua duara la Mniko kwa sifa zake. Lilikuwa limezidi mita hamsini kwenda chini, kuta zake zikishikiliwa na magogo ya mikaratusi, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Mwaka uliopita lililopakana nalo liliporomoka na watu wanne ndani. Walitolewa wawili.

"Mwambie asirudi huko."

"Anasema afadhali afe yeye kuliko mtoto." Robi akashusha sauti. "Mama, na mimi naogopa. Sijui nimwambie nini."

Basi Ghati akajikuta amebanwa. Akimwacha Mniko aketi mbele yake, mimba itatoka. Akimwacha akimbie, udongo utamfunika, na Robi atabaki mjane mwenye tumbo. Jumapili nzima kanisani aliimba bila kusikia anachoimba.

Mwalimu Abonyo ndiye aliyempa wazo. Abonyo ni Mjaluo wa Shirati, mwenye mzaha usioisha, lakini hilo hakulifanyia mzaha hata kidogo. "Sisi nasi tuna maro, mwiko huo huo wa wakwe," alisema. "Mkwe wangu akija nyumbani mimi najificha chumbani mpaka nasinzia. Mwambie akae nje. Ukuta ni mtu wa tatu tosha."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Jumanne iliyofuata Mniko aliketi barazani, nje ya chumba namba nne, mgongo kwenye ukuta na daftari magotini. Ghati alifundisha akipaza sauti kama muuza samaki, uso kwenye ubao, hageuki mpaka Agustina amwambie usalama upo. Jina la mkwe halitamkwi, kwa hiyo akaacha kuita majina kabisa, akaita namba. "Ishirini na nane!" "Yupo!" "Ishirini na tisa!" Na Agustina akaitikia kwa ajili ya ukuta. Daftari la ishirini na tisa lilisahihishwa na Abonyo. Godwin alipopita na kumkuta mwanafunzi barazani, aliandika jambo kwenye karatasi yake, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Machi ikapita, Aprili ikapita na mvua zake, na kila Jumapili jioni Ghati alimpigia Robi na kumuuliza swali lile lile: mtoto anacheza? "Anacheza, Mama." Alipotaka kwenda kumwona, Robi alimkataza. Barabara mbaya, Mniko huenda akawa nyumbani, msije mkagongana tena. Ghati akakubali mara moja, maana hilo la kugongana ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Alianza kuhesabu majuma. Mganga wa kliniki alikuwa amesema mtoto atazaliwa kati ya tarehe kumi na tano na ishirini ya Juni. Mtihani wa mwisho ulikuwa tarehe ishirini na sita. Katika huo mtihani kulikuwa na sehemu ya mazungumzo ana kwa ana, mwalimu na mwanafunzi meza moja, na bila hiyo hakuna cheti.

Alimwuliza wifi yake Efrazia, dada wa marehemu Waitara, ambaye aliyajua mambo ya ukoo kuliko mtu yeyote na aliyasema kwa ukali kama anayekaripia watoto.

"Mtoto akishazaliwa mzima, mnaletewa mbuzi, mnakula, yanaisha," Efrazia alisema. "Mjukuu ndiye anayefungua mlango. Kabla ya hapo, wifi, usithubutu. Unataka kumuua tena?"

Neno hilo *tena* lilimwingia Ghati mbavuni. Kumbe alikuwa anajua. Kumbe huenda wote walikuwa wanajua.

Hata hivyo tarehe zilimpa nafuu. Mtoto kwanza, mtihani baadaye. Alizishika tarehe hizo kama mtu anayevuka mto ameshika kamba, mpaka Jumatatu ya mwisho ya Mei alipokuta Godwin anabandika karatasi nyingine. Kampuni ilitaka vyeti mapema. Mitihani yote itafanyika majuma matatu kabla ya tarehe yake. Kiswahili cha Mawasiliano, mazungumzo ana kwa ana, Alhamisi ya kwanza ya Juni.

"Umebadilisha tena," Ghati alisema.

"Si mimi, Mwalimu. Ni kampuni."

"Abonyo anitahinie mwanafunzi mmoja tu. Mmoja, Godwin."

"Afisa wao anakuja kukaa humo ndani. Ameomba majina ya watahini, nimeshayatuma. Nikibadilisha watasema tunachakachua." Godwin aliona uso wake, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Mwalimu, kweli unaogopa hivyo?"

"Naogopa kweli," Ghati alisema.

Alifikiri kujifanya mgonjwa, lakini bila mtahini Mniko angekosa cheti, na duara lilikuwa pale pale linamngoja. Alisali mwiko usimfikie mtoto, akaona aibu kwamba shemasi anasali hivyo. Usiku wa Jumatano alimpigia Robi.

"Anacheza?"

"Mama, kila siku swali hilo hilo. Nimechoka, nataka kulala." Sauti yake ilikuwa nzito.

Alhamisi, meza ilipangwa katikati ya chumba namba nne. Ghati aliketi upande mmoja, na pembeni yake akaketi afisa utumishi wa kampuni, Bwana Olima, mzee nadhifu mwenye miwani ya kusomea. Watahiniwa waliingia mmoja mmoja. Ghati aliuliza maswali kwa sauti ambayo hakuitambua. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Alipotoka wa ishirini na nane, alizipanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Mniko aliingia akiwa amejifunika koti kichwani. Akavuta kiti, akakigeuza, akaketi upande upande, uso ukimwelekea Bwana Olima. Ghati alikodolea macho msumari kwenye meza.

"Kijana, ondoa koti," Bwana Olima alisema. "Mwangalie anayekuuliza."

Mniko alishusha koti mabegani, lakini hakugeuka.

"Samahani, mzee," Mniko alisema. "Huyu ni mama wa mke wangu."

Bwana Olima akavua miwani. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasukuma kiti chake nyuma, akanyanyuka. Ghati alidhani anatoka kwenda kushitaki. Badala yake alikibeba kiti mpaka kichwani mwa meza, akakaa katikati yao.

"Hata kwetu iko," alisema taratibu. "Basi mimi nitapitisha. Mwalimu, uliza."

Ghati aliutazama ule msumari. "Mwulize kwa nini anaitaka kazi hii."

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Mniko alimwambia Bwana Olima, neno kwa neno, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo siku nyingi na hakupata pa kuyatua.

"Mzee, mwambie mama hivi. Nataka kazi ili mke wangu aache kuosha dhahabu. Anasagiwa mawe kwenye karasha, anayaleta nyumbani, anayaosha kwenye karai na zebaki, kwa mikono mitupu. Akimaliza anaichoma ile zebaki jikoni, na moshi anauvuta yeye. Daktari alimwambia ndiyo iliyotoa zile mimba mbili. Aliacha, akaanza tena Februari nilipoingia chuo, kwa sababu nyumba haina kitu. Jana pia ameosha."

Bwana Olima hakurudia. Hapakuwa na haja.

"Mwambie nilimkataza," Mniko aliendelea. "Akaniapisha nisiseme. Na ningesema kwa nani? Neno langu kwa mama lazima lipite kwa mtu. Mtu mwenyewe siku zote ni Robi."

Ghati alinyanyua kichwa. Alimwona. Alikuwa kijana tu, macho mekundu, kovu la jiwe kwenye nyusi, machozi yanamchuruzika na hajui ayafute au ayaache. Miezi minne Ghati alikuwa amelinda dirisha na ukuta na majina, akisali mtoto asife kwa macho ya mtu huyu. Na miezi hiyo yote huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa anaogopa jambo lenyewe.

Alisimama.

"Mwalimu," Bwana Olima alisema, "bado maswali mawili."

"Yaulize wewe."

Probox ya abiria iliyokuwa inaelekea Nyakunguru ilimchukua stendi, akamwambia dereva asisimame njiani, na dereva akamtazama usoni akatii. Kule Nyakunguru hakubisha hodi. Alizunguka nyumba, akafuata harufu ya mkaa. Robi alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, tumbo limemzidi, karai la tope la kijivu katikati ya miguu yake. Alikuwa anazungusha mkono humo ndani polepole. Vidole vilikuwa vinameremeta.

"Mama!" Akaficha mkono chini ya kanga, kama alipokuwa mtoto amedokoa sukari. "Nani amekwambia?"

"Mume wako."

Robi akaduwaa. Kisha akaelewa, na Ghati akaona uso wake unavyosawijika.

"Umeongea naye? Mmeonana?" Alishika tumbo kwa mikono yote miwili, ile yenye zebaki na ile isiyo nayo. "Mama, umefanya nini? Na mimi niko hivi! Umefanya nini?"

Ilikuwa ni hofu ile ile. Ghati aliitambua, maana ni yeye aliyemlisha tangu utotoni, pamoja na uji. Alitaka kumwambia usiogope, lakini yeye mwenyewe alikuwa anaogopa, na binti angejua ni uongo. Akapiga magoti kwenye tope, akaushika ule mkono, akaanza kuusugua kwa sabuni na maji ya ndoo, kidole baada ya kidole.

"Ogopa, mwanangu," alisema. "Ila ogopa hiki kilichomo ndani ya karai."

Robi alilia, akamwacha amwoshe. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, jana nilikuficha. Tangu jana asubuhi hajacheza."

Ghati alisukuma karai pembeni. Alimnyanyua, akamfunga kanga, akamshika kiuno mpaka barabarani ambako Probox ilikuwa bado inangoja abiria wa kurudi. Akamwambia dereva hospitali, wakaketi kiti cha nyuma. Akaingiza kiganja chini ya kanga ya binti yake, akakituliza juu ya tumbo, akangoja. Wakapita karasha za kusaga mawe, wakapita duka la mwisho. Hakuna kitu. Wakapita Matongo. Karibu na daraja, chini ya kiganja chake, kitu kiligusa mara moja, kwa udhaifu kabisa, kisha kikatulia.

"Umesikia?" Robi aliuliza.

"Nimesikia," Ghati alisema, na akamwambia dereva akanyage mafuta.